Siku Mbili Bila Mifuko

Ua la kwanza lilifunguka Jumanne, wiki ya kwanza ya Julai, na halikuwa jekundu.

Alwyn Strake aliliona kabla hajavua koti la mvua. Miche mia moja na sita ya ukucha-wa-tai ilikuwa imejipanga juu ya meza za kitalu, majani yake membamba yakidondosha maji, na katikati ya safu ya tatu mche mmoja ulikuwa umetoa kishada chake cha kwanza. Kila mtu wa mji wa Moorinup anajua rangi ya ukucha-wa-tai: nyekundu nzito, ya damu iliyoanza kukauka, na ua lenyewe limejikunja kama jina lake linavyosema. Hili lilikuwa la chungwa kwenye kikonyo na la waridi nchani. Lilikuwa zuri. Mtu asiyejua angelipiga picha.

Alilizungushia kiganja kana kwamba analikinga na upepo, ingawa humo ndani upepo haukuwamo. Akajiambia ni baridi; baridi huchezea rangi za maua. Kisha akajiambia ni mbolea. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika bustani ya mimea hakosi cha kujiambia.

Verna alimkuta amesimama vilevile. Alikuwa mwenzake wa kitalu kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa mabega mapana, mcheshi kwa watu na mkali kwa magugu, na Mnoongar, wa kabila lenye nchi ile tangu haijachorwa barabara.

"We vipi?" alisema. "Umeona nyoka?"

"Ua."

"Ua ndo likugandishe hivyo? Hebu pisha nilione."

Alwyn akapisha. Verna aliinama, akalitazama, na ule utani aliokuja nao ukamtoka usoni. Alilichuma, akalipeleka mdomoni, akalifyonza.

Kwao ndivyo ilivyokuwa tangu bibi na babu. Makuru, majira ya baridi, ilipoingia na mvua yake, gari la familia lilisimama kando ya Barabara ya Kisima-Chumvi, wakashuka wote, ajuza na mtoto wa kubebwa, na kila mmoja akachuma ua moja la ukucha-wa-tai, akafyonza asali yake, akarudi garini. Moja tu kwa kila kinywa. Mama yake Verna, Shangazi Edie kama mji mzima ulivyomwita, ndiye aliyempeleka Alwyn pale mara ya kwanza na kumwonyesha vichaka kumi na tisa vilivyokuwa vimesalia duniani, vimebanana kati ya lami na uzio wa waya wa shamba la ngano. "Nakuonyesha," alimwambia, "kwa sababu Verna anasema una mkono wa kuotesha." Siku ile Alwyn alirudi nyumbani akijiona mtu.

Verna alitema ua kiganjani.

"Siyo."

"Siyo nini?"

"Hili tamu tupu. La kwetu lina uchungu nyuma, huku kooni. Hili siyo, Alwyn."

"Ni ua la kwanza, Verna. Mche bado mchanga."

"Ulimi wangu si mchanga," alisema Verna, akachukua ndoo yake akaenda kuchanganya udongo.

Siku hiyohiyo Alwyn alichuma jani mojamoja kutoka kwenye miche thelathini, akayafunga katika bahasha na kuyatuma kwenye maabara mjini Perth. Alijua majibu yatakuwa nini. Aliyatuma kama mtu anayepeleka kidonda kwa daktari akitumaini ataambiwa amekwaruzwa na mwiba.

Jambo lenyewe lilikuwa la miaka mitano nyuma, na mpaka asubuhi ile lilikuwa limelala vizuri.

Wakati ule tuta la karibu na lango kuu lilikuwa na vichaka vitatu vya ukucha-wa-tai, Alwyn mwenyewe kavikuza kutokana na vipandikizi vya kule barabarani. Mmea huu haujizalishi peke yake. Chavua ya kichaka hiki lazima ifike kwenye ua la kichaka kingine, na wabebaji ni ndege wanyonya-asali. Porini hakuna neno, kwa kuwa ndege hutoka ukucha-wa-tai akaenda ukucha-wa-tai. Lakini bustani ya watu ina mimea ya kila pembe ya nchi, na ndege hana dini, anakunywa popote. Kwa hiyo maua huvalishwa mifuko. Marafiki wa Bustani, wale wastaafu wanaokuja kila Jumanne kung'oa magugu mawili na kunywa vikombe vinne vya chai, walileta soksi zao kuukuu za nailoni. Alwyn akazikata, akafunga kila kishada. Kazi ya chavua aliifanya kwa brashi ya kuchorea, kichaka kwa kichaka, kisha akafunga tena. Tuta lilifanana na kamba ya kuanikia nguo za mwalimu mkuu mstaafu, na watoto wa shule walicheka sana.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na maua yakachelewa nazo. Yalifunguka yote kwa pamoja mwishoni mwa Agosti, wiki ileile ya Maonyesho ya Machipuko. Verna hakuwepo, alikuwa msibani, wanamzika kaka yake. Ijumaa alasiri mkurugenzi, Philippa Gault, alishuka kutoka ofisini na viatu visivyofaa kwa matope.

"Alwyn, kesho wafadhili wanakuja na mpiga picha," alisema. "Hatuwezi kuwaonyesha chupi za bibi zetu."

"Ni soksi."

"Hata kama. Siku mbili tu, jamani. Jumatatu unazirudisha."

Brashi alikuwa hajaigusa. Alipanga kuanza Jumatatu. Angeweza kukataa. Philippa hakuwa mtu wa kugomba, angenung'unika akaondoka. Lakini Alwyn naye alitaka tuta lake lionekane. Miaka ile yote watu walikuwa wakipita kwenye mafanikio yake makubwa wakidhani ni nguo zilizosahauliwa. Akazifungua soksi sitini na mbili, akazitia katika ndoo.

Jumamosi jua lilitoka, watu wakafurika. Karibu na bwawa, hatua mia hivi kutoka langoni, kulikuwa na vichaka vya Fahari-ya-Machweo, mmea wa mapambo ulioletwa kutoka mashariki ya nchi, mkubwa, mchangamfu, wenye maua ya chungwa mwaka mzima. Mchana ule Alwyn aliona ndege akiruka kutoka huko, paji la uso limejaa unga wa manjano, akatua kwenye ukucha-wa-tai. Watu wakasema aah. Kamera zikalia. Picha ile ilitundikwa ofisini, na Alwyn yumo pembeni anatabasamu. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote, kwamba aliona, tena akatabasamu.

Jumatatu alirudisha soksi, akapitisha brashi, akafungua daftari la tuta na kuandika: Mifuko imekaa msimu mzima. Hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa aibu ndogo, na maneno manne yalitosha kuifunika.

Desemba alivuna mbegu mia moja na arobaini. Februari ikaja barua ya halmashauri. Walitaka kuipanua Barabara ya Kisima-Chumvi kwa ajili ya malori ya ngano, na wakauliza kama ukucha-wa-tai una akiba salama bustanini. Ofisi iliwajibu kwa barua yenye sahihi ya Philippa, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari. Alwyn alipata habari akiwa anatengeneza bomba lililopasuka, na bomba likamfaa sana, kwa maana mtu mwenye mikono ndani ya tope haulizwi mengi. Alijiambia siku mbili si msimu. Machi greda likaja, na kabla ya saa ya chai ya asubuhi vichaka vyote kumi na tisa vilikuwa vimegeuzwa pamoja na udongo.

Wakati wa baridi uliofuata, uozo wa mizizi uliingia kwenye tuta. Vichaka viwili vikanyauka; kimoja kikabaki. Yeye na Verna walirudi kando ya barabara misimu miwili wakimwagia udongo maji ya moshi, maana mbegu za huku husubiri moto ndipo ziamke. Ikaota figili-mwitu tu. Basi matumaini yote yakawa kwenye zile mbegu mia moja na arobaini ndani ya jokofu, na kila mtu alipomshukuru Alwyn kwa mifuko yake, alijibu ni kazi tu.

Majibu ya Perth yalikuja baada ya siku tisa. Kufikia hapo miche kumi na minne ilikuwa imechanua, na Verna alikuwa ameonja yote kumi na minne na kuyatema. Alwyn aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, kisha akampa.

Majani thelathini, chotara thelathini. Mama ukucha-wa-tai, baba Fahari-ya-Machweo.

Verna alisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Wale ndege waliingiaje kwenye soksi?" aliuliza.

Alwyn alikuwa na majibu manne tayari, yote ya uongo na yote mazuri. Soksi zilitoboka. Upepo ulizifungua. Alimtazama mwanamke yule mikono yake, yenye udongo wa Moorinup kwenye kila mkunjo, na yale majibu yakamkauka.

"Nilizitoa."

"Lini?"

"Kwenye maonyesho. Siku mbili."

Verna alihesabu kwa vidole. Alwyn alimwona anavyofika mahali penyewe, akatamani asifike.

"Nilikuwa namzika Clarrie," alisema. "Nikakwambia, niangalizie maua. Ukasema, nenda dada, usiwe na shaka."

"Nilisema hivyo."

"Na daftarini?"

"Niliandika hazikutoka."

"Halafu greda likaja. Na wewe umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Angepiga kelele, Alwyn angeshukuru. Verna aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza katika mfuko wa shati la Alwyn, akaupigapiga mfuko kwa kiganja kama anavyofanyiwa mtoto anayetumwa dukani.

"Mimi simwambii mama," alisema. "Wewe ndo utamwambia. Kwa mdomo wako huohuo."

Tangu dakika hiyo hakumwita tena kwa jina. Waliendelea kufanya kazi pamoja, akamwachia chai kwenye birika kama kawaida, lakini aliongea naye kama mtu anavyoongea na fundi wa kampuni nyingine.

Mchana uleule Alwyn alipanda ofisini kwa Philippa. Siku ya kuirudisha miche barabarani ilikuwa Jumamosi ile ijayo. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amealikwa, shule mbili, na Marafiki wa Bustani walishaagiza soseji. Philippa aliisoma karatasi, akavua miwani.

"Nusu yake bado ni ukucha-wa-tai," alisema.

"Nusu ya pili imetoka kilomita elfu tatu."

"Alwyn, wale watoto wanataka kupanda mti. Ua ni la kupendeza. Nani atajua?"

"Verna amejua kwa ulimi."

Philippa aligeukia dirisha. Nyuma yake ilining'inia ile picha, ndege na ua na pembeni mtu anayetabasamu. Alwyn alimweleza habari ya daftari. Alitarajia hasira, pengine hata kufukuzwa, na moyoni alikuwa amejiandaa kwa hilo. Kufukuzwa kungekuwa na uzito unaolingana na jambo. Philippa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuomba uzitoe," alisema taratibu. "Sikukuomba uandike hazikutoka."

"Najua."

"Ningejua, ile barua nisingeituma. Unaelewa? Jina langu ndilo liko chini yake."

"Naelewa."

"Basi tutasema hali ya hewa." Alifungua droo, akaiweka karatasi ndani, akaifunga. "Upandaji umeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Na miche itafutiwe mahali. Pale maegesho ya magari panahitaji rangi."

Nje mvua ilikuwa imekatika na anga limetakata. Alwyn alishuka ngazi akiwa hajaadhibiwa, na ilimuuma. Alikwenda kitaluni, akafungua daftari kwenye ukurasa wa miaka mitano nyuma, akayapigia mstari maneno yale manne. Akaandika chini yake siku mbili zile, tarehe zake, na kwamba aliyezitoa soksi ni yeye, akatia sahihi. Wino ulikuwa mpya mno juu ya karatasi ile kuukuu. Hakuna aliyekuwa anangoja kuusoma.

Asubuhi iliyofuata alipita tutani kabla ya kwenda kwa Shangazi Edie. Kichaka kilichobaki kilikuwa na maua manne, mekundu kama yalivyopaswa kuwa, na alikuwa amekata soksi nne za kuyavalisha. Zilikuwa mfukoni. Alizigusa, akaona zinaweza kusubiri arudi. Kila Makuru, kwa miaka kumi sasa, alikuwa akimpelekea ajuza yule ua moja, tangu miguu ilipokataa kumfikisha barabarani, na hakuona atasimamaje mbele yake mikono mitupu, tena kwa habari ile. Akatoa mkasi. Ulikuwa mkasi mzuri, haukutoa sauti.

Nyumba ya wazee ilinuka supu na dawa ya sakafu. Shangazi Edie alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, televisheni inaonyesha mpira wa miguu bila sauti. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alimjua mtu kwa hatua.

"Huyo kaja," alisema. "Mwaka huu umechelewa. Nikajua umekufa."

"Bado, Shangazi."

"Haya, lete."

Alimpa. Edie alilipapasa ua kwa vidole viwili, kutoka kikonyo hadi ncha, akalipeleka mdomoni na kufumba macho. Mashavu yalibonyea. Alwyn alingoja, ameshika kofia, akaona koo la yule mama likimeza, kisha ule mkunjo mdogo wa uso unaokuja na uchungu, na baada ya mkunjo, tabasamu.

"Ndo lenyewe," alisema Edie. "Verna alipita jana, kanuna kama mbuzi wa mvua. Nikamuuliza hajambo ukucha wangu? Akasema, muulize Alwyn. Sasa nakuuliza. Wale watoto wako mia na ngapi, wamechanua?"

"Wamechanua. Siyo wenyewe, Shangazi."

"Siyo wenyewe kivipi?"

Akamwambia. Alieleza kwa maneno machache, bila kumtaja Philippa, kwa kuwa alipomtaja kichwani aliona anajipunguzia mzigo. Soksi, siku mbili, ndege, daftari, greda. Ua lilikuwa bado midomoni mwa Edie, kikonyo kimechungulia nje.

"Kwa hiyo vimebaki vingapi?" aliuliza mwishowe.

"Kimoja."

"Kimoja kitazaa na nani?"

"Hakizai, Shangazi. Peke yake hakizai."

Kwenye televisheni mtu alifunga bao, na wachezaji wakarukiana kimya. Edie alilitoa ua mdomoni, akalishika mbele ya macho yake yasiyoona vizuri.

"Na hili umelitoa wapi?"

Alwyn aliigeuza kofia mikononi.

"Palepale," alisema.

"Kwenye hichohicho kimoja."

"Ndiyo."

"Kilikuwa na mangapi?"

"Manne."

Edie alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikia upumbavu ambao hata kwa umri wake hajawahi kuusikia. Akanyoosha mkono. Ua lilikuwa limelowa, nusu limefyonzwa.

"Rudisha," alisema.

"Shangazi—"

"Nimesema rudisha."

Alilipokea. Hakukuwa na la kufanya ila kulipokea. Edie aligeuzia uso mpira, akavuta blanketi, na Alwyn akavaa kofia akatoka.

Alilirudisha likiwa juu ya leso kwenye kiti cha abiria, akaendesha polepole kuliko kawaida, na malori ya ngano yakampita moja moja kwenye barabara pana. Bustanini Ijumaa haina watu wengi. Alipiga magoti kwenye tuta la karibu na lango, matope yakamwingia suruali, akaliweka lile ua chini ya kichaka, pale mahali kikonyo kilipokatwa palipokuwa bado pabichi. Kule bwawani ndege walikuwa wanagombana ndani ya Fahari-ya-Machweo. Mmoja aliruka, akaja hadi kwenye bango la tuta, akatua, akainamisha kichwa kutazama.

Alwyn alitoa soksi. Alilivalisha ua la kwanza, akafunga fundo, akalivalisha la pili. Verna alitokea kwenye njia ya kitalu na toroli, akasimama. Aliweka toroli chini, hakuondoka. Alwyn alilifunga la tatu, taratibu, akihakikisha nailoni haigusi ncha, akalipima fundo kwa kidole.

Soksi ya nne ilikuwa bado mkononi mwake. Aliinyoosha gotini, akaikunja, akaikunjua tena.